Dawa ya Injini Nyuma ya Kiti

Nilitoka Moyale katika lori la mbuzi na kushuka Isiolo nikinuka kama wao. Kutoka hapo nikapata lori la magunia matupu hadi Nakuru, ambako nililala kwenye benchi la kituo cha mafuta. Asubuhi ya tatu nikapanda kupitia Molo. Mvua ilianza kabla ya Kericho, na nilipofika Kapkatet viatu vyangu vilikuwa bado na vumbi la Marsabit kwenye mishono, lakini soli zimeloa. Kwenye kazi hiyo nilielekezwa na dereva mwenzangu wa zamani: kuna mama mmoja upande wa Kimulot, mjane, ana pikapu na hana wa kuiendesha. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na nilikuwa nimezoea kuhama kabla watu hawajajua chai yangu naipenda na sukari ngapi.

Isiolo ndiko nilikofundishwa kutoamini chupa. Miaka ya nyuma nilimwona mtu akimimina kitu kizito kama asali kwenye injini ya lori iliyokuwa inagonga. Injini ikanyamaza, mnunuzi akafurahi, akaondoka na lori lake. Siku chache baadaye tulimkuta kabla ya Laisamis, amekaa kwenye kivuli cha lori hilo hilo. Mkono wa pistoni ulikuwa umetoboa ubavu wa injini, na oili yote iko mchangani. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia ana dawa ya injini, kwanza naangalia anakaa wapi na ataondoka lini.

Mama mwenye pikapu kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo. Shamba lake la chai lilikuwa kwenye mteremko mkali, na barabara ya kutoka huko hadi kituo cha kupimia majani ilikuwa ya udongo mwekundu, kupanda tu. Majani mabichi hayasubiri. Yakikaa kwenye gunia yanapata joto, yanageuka rangi, na karani anayakataa mbele ya watu. Kwa hiyo pikapu ile, iliyokuwa imezeeka kuliko baadhi ya wachumaji wake, ilikuwa ndiyo miguu ya nyumba ile na ya majirani wawili watatu.

Siku ya kwanza alinipa ufunguo, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

"Dereva, sikia. Wa kwanza alikuwa anaficha. Gari inakohoa, ananiambia iko sawa. Mimi sijui kuendesha. Najua tu kile unaniambia. Ikikohoa, niambie siku hiyo hiyo."

"Nitakuambia, Kogo."

"Ukinidanganya juu ya gari, ufunguo unarudi hapa." Akaonyesha msumari ukutani, karibu na rafu ya vibuyu vyake vya maziwa.

Nilikaa vizuri pale. Mpaka leo nikipita mahali penye moshi wa kuni na harufu ya maziwa, nakumbuka jikoni kwake. Alikuwa akichoma kijiti cha mti wa senetwet, kisha anasugua mkaa wake ndani ya kibuyu, sotet, mpaka ukuta wa ndani uwe mweusi unaong'aa, ndipo anamimina maziwa ya kugandisha. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Halafu akaja muuzaji. Alikuja siku ya kupima majani, watu wakiwa kwenye foleni na magunia yao, akiwa amevaa koti la mvua la manjano. Alikuwa na kijimashine chenye gurudumu la chuma linalozunguka ndani ya oili, na mkono wa kukandamizia kipande cha chuma juu yake. Akaweka oili ya kawaida, akakandamiza kidogo, chuma kikalia kama nguruwe, gurudumu likakwama. Akaongeza matone ya chupa yake. Sasa akaning'inia kwenye ule mkono kwa uzito wake wote, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Watu wakasema, "Uuuui."

Mimi niliangalia ile oili ya kwanza. Ilitoka kwenye kikebe kisicho na jina. Tena ndani ya injini hakuna mtu anayening'inia juu ya chuma namna ile. Kuna pampu inayosukuma oili katikati ya vyuma, na kazi ya oili ni kuhakikisha havigusani sana. Lakini muuzaji hakuwa anazungumza na mimi.

"Kina mama," aliuliza, "nani hapa anaweka maziwa kwa sotet bila kupaka mkaa?"

Wakacheka. "Hata wazimu hawezi!"

"Basi kwa nini chuma ya gari yako iko uchi? Hii ni mkaa wa injini. Inapaka ndani, moto haipiti, kusuguana hakuna."

Nikaona Kogo ameinua kichwa. Hapo nilijua tumeshindwa. Mtu huyo alikuwa amejifunza jikoni za wale wanawake kabla ya kuja kwenye foleni yao.

"Inaingia kwa gari gani?" nikamuuliza.

"Kitu yoyote iko na injini, mkubwa. Gari, pikipiki, mpaka posho mill ya kusaga mahindi."

Kitu kinachofaa kila kitu ndicho nilichokishuku zaidi. Nikamwambia Kogo tumwulize kwanza fundi wa Silibwet niliyekuwa nikimpelekea pikapu ile. Fundi huyo, mtu wa maneno machache, alijibu kwa simu akiwa chini ya gari la mtu: "Oili nzuri inatoka kiwandani na dawa zake ndani. Ukiongeza zingine juu hujui zitasikizana aje. Badilisha oili kwa wakati, wachana na maajabu."

Nilimpelekea Kogo maneno hayo. Alikuwa ameshanunua.

"Huyo fundi anapaka sotet?"

"Hapana, Kogo."

"Na wewe?"

"Hapana."

"Basi weka dawa."

Nikaichukua chupa. Nyuma ya nyumba nikamwaga oili kuukuu, nikaweka filta mpya na oili mpya ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Chupa nikaitazama kwenye mwanga. Haikuandikwa kilichomo ndani, ila picha ya simba tu. Nikaisukuma nyuma ya kiti, chini ya kamba na gunia. Nikarudi jikoni na mikono myeusi.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

Nilijiambia si uongo mkubwa. Nilikuwa nailinda injini yake. Hata leo siwezi kuapa kwamba dawa ile ingeiharibu. Huenda isingefanya lolote. Lakini yeye aliniuliza swali moja, nami nikajibu lingine.

Asubuhi iliyofuata pikapu iliwaka mara moja, ikapanda mlima bila kugonga. Oili mpya hufanya hivyo. Kogo, aliyekaa kando yangu na kikapu chake mapajani, alinipiga begani.

"Sikia! Imekuwa paka. Mlisema nini, wewe na fundi wako?"

Nilicheka. Nilidhani litaishia hapo.

Jumapili, baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje kwenye nyasi, Kogo alitoa ushuhuda. Alisema Mungu amempa mvua, amempa dereva asiyelewa, na amempa dawa ya injini, na anayetaka kujua aende asikilize gari yake. Kwa watu wale, mama wa umri huo akisimama akasema nimeona, hakuna anayeomba risiti. Muuzaji alipopita tena kituoni, hakuwasha hata kijimashine chake. Alionyesha tu pikapu yetu kwa kidole, nami ndani yake nimeshika usukani.

Mmoja aliyenunua alikuwa jirani yetu wa chini, mwanamume wa makamo anayebeba maziwa kwa pikipiki, madebe mawili kila upande. Akaja kunionyesha chupa, amefurahi.

"Dereva, nami nimekuwa mtu wa kisasa!"

Nilijua kitu hapo. Katika pikipiki nyingi oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolowesha klachi, na klachi hufanya kazi kwa kusuguana. Ukiondoa msuguano, inateleza. Nilifungua mdomo. Lakini kumwambia "usiweke" ilikuwa ni kuulizwa mbona sisi tuliweka. Nikasema, "Labda weka kidogo tu kwanza." Neno la mwoga.

Hakuweka kidogo. Asubuhi ya tatu alikuwa anapanda mlima na madebe yamejaa. Waliomwona walisema injini ililia kwa nguvu zote lakini gurudumu halikuvuta. Pikipiki ikasimama, ikaanza kurudi nyuma, madebe yakaivuta upande. Tulimkuta amelala kwenye maziwa na matope, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Tulimpeleka hospitali ya Kapkatet kwa pikapu, yeye amelazwa nyuma juu ya magunia, kioo kidogo cha nyuma kiko wazi.

"Pole, pole, tunafika," Kogo alikuwa anamwambia. Kisha akanigeukia. "Yetu mbona haikufanya hivyo?"

Jirani akajibu kutoka nyuma, meno yameumana. "Kogo, yenu ni sawa. Yangu ndiyo ilikataa dawa."

Alikuwa anamtetea. Mguu umevunjika, na bado anatetea ushuhuda wa Kogo.

Tulipokwisha kumkabidhi kwa wauguzi, nilivuta kiti cha pikapu mbele, nikatoa chupa. Kizibo kilikuwa hakijakatwa. Niliiweka mkononi mwa Kogo pale kwenye maegesho, nikamweleza yote, hata lile la klachi nililolijua na kulimeza.

Aliigeuza chupa, akamtazama yule simba.

"Kwa hiyo ulikuwa sawa juu ya dawa."

"Nadhani, Kogo."

"Mtu akisema sotet imepakwa, na haijapakwa, si yeye anayeumwa tumbo. Ni mgeni aliyekunywa." Akafunga mlango wa gari. "Ulinifanya nimkaribishe."

Jumapili iliyofuata alisimama tena kwenye nyasi, akasema alichosema kwanza hakikuwa kweli, na hakutaja kwamba kosa ni la dereva. Nilisimama nyuma ya watu nikisikiliza. Jirani alipona, ila anachechemea. Muuzaji wa koti la manjano hakuonekana tena.

Kogo alinibakiza mpaka apate mwingine. Siku dereva mpya alipofika, nilitundika ufunguo kwenye msumari mwenyewe. Chupa ilikuwa kwenye rafu, kando ya vibuyu. Akanipa kikombe cha mursik, yale maziwa ya kibuyu, nikanywa nimesimama, akaniambia niende salama. Hakuniambia nirudi.

Nilishuka kwa miguu hadi barabara kuu na begi langu. Nyuma yangu nikasikia pikapu ikiwaka, kisha ikipanda mlima na majani ya asubuhi. Nilisimama nikasikiliza mpaka ilipovuka kilele. Ilikuwa laini mno. Niliwaza kama bado ni ile oili yangu, au kama waliimwaga, au kama ile chupa ilikuwa imefunguliwa asubuhi hiyo, na sikuwa na haki tena ya kuuliza.