Saumu ya Bibi Siku ya Hitma ya Afande

Juzi asubuhi nilikuwa jikoni kwangu hapa Wawi napara samaki, redio iko dirishani, mara nikasikia kwamba siku ile wanakumbukwa askari polisi waliokufa wakiwa kazini. Tarumbeta ikalia, kisha msemaji akaomba watu wasimame kimya kwa dakika moja. Basi nami nikasimama pale pale, kolekole mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Mwanangu wa mwisho akaingia, akaniuliza mama una nini, nikamwashiria anyamaze. Nadhani alifikiri nimepandwa na shetani. Kimya kilipokwisha nikamwambia kaa kitako nikupe habari ya Afande. Na wewe msomaji wangu kaa, samaki huyu hana haraka.

Mimi nimelelewa na bibi yangu, mzaa mama, kule Mgogoni. Nyumba ya jirani ilikuwa ya askari polisi, na sisi watoto hatukumjua kwa jina jingine ila Afande. Hakuwa askari wa kutisha, wallahi. Asubuhi alikaa kizingitini akisugua viatu kwa kumbi la nazi mpaka vikang'aa, kisha akapanda baiskeli kwenda kazini pwani ya Shumba. Jioni tukisikia kengele ya baiskeli tunatoka mbio. Alitukagua kucha mmoja mmoja, mwenye kucha chafu hapandi, mwenye kucha safi anazungushwa mpaka msikitini na kurudi. Sijapata kuwa na kucha safi kama mwaka ule.

Kazi yake pwani ilikuwa kuzuia magendo ya karafuu. Nawe unajua, au kama hujui nikwambie, kwamba zama zile bei ya ng'ambo ilikuwa tamu kuliko ya serikali, na bahari ya kaskazini, ya kwendea Mombasa, si pana. Msimu ukiingia kijiji kizima kilinuka karafuu. Tulichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, mpaka vidole vikawa vyeusi, tukaanika juu ya majamvi, mvua ikitisha tunakusanya, jua likitoka tunatandaza tena. Afande akipita humwamkia bibi kwa adabu, shikamoo mama, kisha humuuliza karafuu hizi zote zinakwenda kwa serikali? Bibi humjibu zote, mwanangu, na makonyo yake. Wakacheka wote wawili, naye akaletewa muhogo wa nazi na kipande cha ngisi, akala akiwa wima.

Bibi alikuwa na mwana mmoja wa kiume, mjomba wangu, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Mwaka ule mjomba alianza kupotea potea. Akiulizwa yuko wapi, yuko Shumba kwa rafiki. Bibi alikuwa hapendi, akinung'unika peke yake uani, lakini mwana mkubwa utamfunga kamba?

Siku moja, msimu ukiwa umepamba moto na bahari imechafuka, ikaja habari kwamba mashua ya magendo imepinduka karibu na mikoko. Askari wawili waliokuwa doria waliifuata. Mmoja alijitupa majini, na huyo mmoja hakutoka. Wavuvi walimpata Afande alasiri, maiti; wenye mashua hawakuonekana. Nakumbuka mkewe Afande alikuwa anaanua nguo kambani, na nguo zile zilibaki chini kwenye mchanga mpaka bibi yangu akaziokota, akazikunja, akampelekea ndani.

Na mjomba siku hiyo hakurudi. Wala ya pili yake. Zikapita wiki, akaja mtu akasema kamuona Mombasa, anabeba mizigo. Kila mtu alijumlisha mwenyewe kimoyomoyo. Bibi naye alijumlisha.

Mke wa Afande alipomaliza eda hakurudi kwao. Akabaki jirani yetu, akishona makofia na kulea wanawe, na kila mwaka akamsomea mumewe hitma. Hapo ndipo lilipokuwa jambo. Hitma yetu sisi unaijua: wanaume wanasoma msikitini, wanawake ndani, udi unafukizwa, kisha linakuja sinia la ubwabwa mnalizunguka na kula pamoja. Jirani hali nyumbani kwake siku hiyo. Asiyekula hitma ya mwenzake ana neno naye.

Bibi alikuwa wa kwanza kufika. Alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi, akakuna nazi za sufuria zima, akachagua mchele, akakaripia wasichana wanaotia chumvi ovyo. Alisoma juzuu yake kwa sauti nyembamba mpaka mwisho. Sinia likitua tu, bibi yuko mlangoni anavaa kandambili. Nimefunga leo, anasema. Mwaka wa kwanza watu walisema mashaallah. Mwaka wa pili walitazamana. Miaka ikawa inakwenda, na siku ya hitma ya Afande bibi yangu amefunga, iwe Jumatatu iwe Jumanne.

Magharibi mke wa Afande alimletea bibi sahani yake ya futari imefunikwa kawa, nyama nzuri nzuri juu. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akafuturu kwa tende na maji, na sahani tukaila sisi watoto. Ee, niseme kweli, ule ubwabwa ulikuwa mtamu kupita kiasi. Nilikula nikimtazama bibi, yeye akitazama ukuta.

Mara moja tu nilithubutu kumuuliza. Nilikuwa nimeshakua, nasoma skuli ya juu. Bibi alikuwa anasuka ukili, hakuinua uso.

"Kama mwanangu ndiye aliyemuua," akasema, "wali wake nitaulaje?"

Tangu hapo nikaelewa kila kitu, na roho ikaniuma kila mwaka. Yule mama wa watu alikuwa anajichoma. Kutaka kujua anataka, kuuliza anaogopa, maana jibu akilipata halina pa kurudishwa. Na mke wa Afande naye nilimuona mara nyingi akisimama upande wa pili wa ua wa makuti, akifungua mdomo kama mtu mwenye neno zito, kisha humuuliza bibi kama kuku wake wametaga. Nilidhani anamchukia. Nikasema moyoni, siku moja hawa watu wazima watapasuka.

Ikafika hitma nyingine. Wanawake tumekaa uani kwa mke wa Afande tunamenya vitunguu, bibi yuko juu ya mbuzi yake, amefunga kama kawaida. Akaingia mwanamume amekonda, sharubu zimekaa vibaya, begi begani. Mimi sikumjua. Bibi alimjua, maana mkono uliacha kukuna, nusu ya nazi ikabaki ndani ya kiganja. Mjomba hakwenda kwa mamaake. Alipita katikati yetu, akachutama mbele ya mke wa Afande, akainamisha kichwa.

"Dada, mie nilikuwamo katika mashua ile. Nilikuwa nazama. Mumeo alinishika shati akanivuta mpaka kwenye mikoko, akarudi kumtafuta mwenzangu. Hawakutoka tena. Nimekuja. Nipeleke unakotaka."

Vitunguu vilituchoma macho na hakuna aliyepangusa. Mke wa Afande alikuwa na kijiko cha mti mkononi, akakiweka chini taratibu.

"Najua," akasema. "Askari mwenzake aliniambia ndani ya matanga. Alimuona mume wangu akikutoa, na yeye mwenyewe akakuacha uende. Nilinyamaza ili wasikufunge. Na huyo askari pia, wasije wakasema alimwachia mtu wa magendo."

Bibi akasimama. Nazi ikamdondoka.

"Unajua? Miaka yote hii unajua, na mie nafunga?"

"Mama, mie nikidhani nawe unajua," mke wa Afande akasema, sasa machozi yanamtoka. "Nikidhani ndiyo maana huli kwangu. Unanikimbia kwa haya, kwa kuwa wangu amekwenda na wako amepona. Nikasema nisikutoneshe kidonda."

Basi nikaona jinsi walivyokuwa. Wanawake wawili, ua mmoja wa makuti baina yao, kila mmoja anamsitiri mwenzake, na kila mmoja anaumia kwa sitara ya mwenzake. Ni sisi hasa, watu wa kwetu. Tunaweza kukusitiri mpaka tukakuua.

Mke wa Afande akamgeukia mjomba, akamuuliza jambo moja tu: alikwambia nini?

"Alinikaripia. Alisema, 'Shika mkoko huu usiuachie. Wataka mie nende nikamwambie nini mamaako?'"

Mke wa Afande akacheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, akijipiga paja, anasema huyo, huyo ndiye yeye, kila mtu kwake ana mamaake wa kuambiwa. Bibi yangu akamkumbatia, na wakakaa chini kwenye maganda ya vitunguu wamekumbatiana, na sisi wengine tukaanza kulia kwa raha. Mimi nilihisi mtu kanitua mzigo wa kuni kichwani. Mjomba wangu hakuua mtu. Jirani yetu hakutuchukia. Alhamdulillahi, nilisema kwa sauti.

Siku ile hitma ilichelewa, wali ulishika chini ya sufuria, wala hakuna aliyelalamika. Sinia lilipotua, bibi alisogea akakaa ubavuni pa mke wa Afande. Shoga yake mmoja akamkumbusha, si umefunga? Bibi akamwambia saumu ya sunna ina ruhusa, nawa mikono ule, usinisemeshe. Akala. Alikula mpaka akalamba vidole, akaomba ukoko. Aliporudi nyumbani alijilaza mkekani na kukoroma mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake.

Mjomba alikwenda mwenyewe kituoni kesho yake. Aliandikwa maelezo yake, akafokewa vya kutosha, kisha akarudishwa nyumbani. Karafuu zenyewe zilikwisha oza baharini zamani, nani atazishika ziwe ushahidi?

Sasa Mgogoni si ile. Ua wa makuti haupo, umejengwa ukuta wa tofali. Kibanda cha doria kule pwani kimebaki nguzo. Vijana wanakwenda mjini, na siku hizi hitma nyingine ubwabwa hugawiwa ndani ya vifurushi, kila mtu na chake, anaondoka nacho. Bibi ametangulia, na mke wa Afande naye hakukawia baada yake. Niliwalilia wote kama mama zangu.

Lakini hitma ya kwetu bado inasomwa, na mjomba ndiye mwenyeji, mzee sasa, anatembelea bakora. Kabla ya dua shehe humuuliza anawaombea nani. Mtu yeyote angeanza na mzazi wake. Mjomba huanza na Afande, na jina la baba yake Afande, kwa ukamilifu, kisha ndipo anamtaja mamaake.