Pikipiki Isiyo na Keria

Siku hizi mtu akinunua pikipiki anauliza inakimbia kilomita ngapi kwa saa. Obiero aliponunua baiskeli yake ya kwanza, mwaka wa sabini na nane, aliuliza jambo moja tu: keria yake inabeba kilo ngapi. Kengele na taa zingesubiri. Na siku alipoifikisha nyumbani Asembo Bay hakupita nayo ufuoni kujionyesha kwa wasichana. Alimpakia mama yake kwenye keria, juu ya mto ambao dada yake Rosa alikuwa ameushona, akamwendesha mpaka kanisani na kumrudisha, majirani wakipiga vigelegele. Hapo ndipo baiskeli ikawa yake. Hakuna aliyeiandika popote sheria hiyo ya mama kupanda kwanza. Asiyeifuata alitazamwa kama mtu aliyejifungia ndani ale samaki peke yake.

Sasa alikuwa na miaka sitini na minane, fundi wa pikipiki pale Nyamasaria, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Injini alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya Kiingereza alivyookota duka moja la spea lilipofungwa, kamusi gotini, neno baada ya neno, mwaka mzima kwa kitabu kimoja. Kwa hiyo mtu akimwambia upuuzi kuhusu injini, hasira yake haikuwa ndogo.

Jumatano moja asubuhi Okello, mtoto wa Rosa, alimpitia waende kutazama pikipiki mbili kwa Wechuli, muuzaji aliyekuwa na uwanja hatua chache kutoka hapo. Okello alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, kazi yake kutandaza nyaya za intaneti mjini Kisumu. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba akipata pikipiki atamleta kliniki ya presha mwenyewe kila mwezi, aache kusukumana stendi na watoto wasiojua kupisha mtu mzima.

"Karibu, Mzee," Wechuli alisema. "Hii nyekundu ni ya barabara. Lakini hii nyeusi, hii ni mnyama."

Ile nyekundu ilikuwa na usukani ulioinuka kidogo, vioo viwili na kiti kirefu. Ile nyeusi ilikuwa imeinama kama mbwa anayenusa panya. Juu ya tangi palibandikwa kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nene: TRACK.

"Nera, nataka hii," Okello alisema. Nera ndivyo Mjaluo anavyomwita kaka ya mama yake, naye mjomba humwita mpwa wake okewa, na hayakuwa maneno ya kuchezea. "Unaona? Ina track. Wezi wakiichukua, naifuata kwa simu mpaka pale wameficha."

Obiero alimtazama. Kisha akapasuka.

"Track ni uwanja wa mbio, okewa! Mahali watu wanazunguka kama ng'ombe wa kinu cha miwa mpaka petroli iishe! Wewe unanunua pikipiki hujui hata jina lake?"

Wechuli alicheka mpaka akashika tangi asianguke. "Msamehe, Mzee. Hata mimi wiki ya kwanza nilidhani hivyo. Nimeitafuta hiyo simu yake mpaka chini ya kiti."

Mafundi wawili waliokuwa wakifunga tairi kando nao walicheka. Okello alikaza uso. Obiero aliliona hilo, na moyoni alijua kwamba mtu aliyechekwa mbele ya watu hashuki tena kutoka kwenye mti aliopanda. Lakini hasira ilikuwa imeshaanza kazi.

"Hata kama si hiyo track," Okello alisema, "bado naitaka."

"Njoo hapa," Obiero alisema. "Shika usukani. Umelala, sivyo? Kifua kiko juu ya tangi. Kutoka hapa mpaka Asembo viganja vitakufa ganzi. Gusa tairi. Mifereji iko wapi? Mvua ikinyesha hapo Kisian, utateleza kama sabuni. Na injini hii inaamka ikikimbia sana tu. Ukikwama kwenye msongamano itachemka kama sufuria ya githeri. Tuta la kwanza litakwangua tumbo lote. Ile nyekundu ni ya mtu anayeenda mahali na kurudi. Hii ni ya mtu asiyeenda popote, anazunguka tu!"

"Nera, kwa heshima," Okello alisema, na mtu akianza hivyo ujue heshima imeshatoka nje. "Wewe ni fundi wa boda. Hizi ni vitu vingine. Zile siku zenu za keria ziliisha."

Wakati huo huo Obiero alikuwa ameinama nyuma ya ile pikipiki nyeusi, na akaona kitu ambacho hakuwa amekitaja. Nyuma ya kiti cha mwendeshaji hapakuwa na kiti kingine. Palikuwa na plastiki iliyochongoka kama mkia wa nyigu. Wala hapakuwa na vyuma vya kukanyagia miguu. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, tena asiye na jamaa.

Alifungua kinywa aseme. Kisha yale maneno kuhusu siku za keria yakamrudia masikioni, akakifunga. Kama siku zenyewe ziliisha, amwambie ya nini? Acha akajionee. Alipangusa mikono yake, ambayo haikuwa michafu, akarudi kwenye karakana yake bila kuaga.

Okello akaichukua nyeusi, aibu ya kuchekwa ikimfanya asiizunguke hata nyuma.

Jumamosi Obiero alisafiri hadi Asembo Bay, kwa kuwa Rosa alikuwa amempigia simu mara tatu. Alimkuta dada yake amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Wanawake wanaouza naye samaki walikuwa wamekaa uani wakingoja pikipiki ifike. Kwapani Rosa alikuwa na mto wa buluu, mpya, wenye kamba nne za kufungia.

"Nimeushona wiki yote," alimwambia kaka yake. "Unakumbuka ule wa mama?"

Obiero aliukumbuka.

Mlio ulisikika kutoka mbali, kuku wakatawanyika. Okello aliingia uani akining'inia juu ya usukani, mgongo umepinda, akazima injini na kuvikung'uta viganja vilivyokufa ganzi. Vigelegele vikapanda. Rosa alikwenda mpaka nyuma ya pikipiki, mto mikononi. Akatazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama tena. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Baba, nikae wapi?" alimuuliza mwanawe.

"Mama, hii..." Okello alivua kofia ngumu, jasho likimtiririka. "Hii si ya kubeba watu."

"Yawa!" Celestine, jirani mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake cha samaki, alipiga makofi. "Kwani imetengenezwa kwa mtu aliyezaliwa na nani?"

Wanawake wengine wakacheka, halafu wakaona uso wa Rosa, wakaacha. Rosa hakumtazama mwanawe. Alimgeukia kaka yake.

"Wewe ni fundi. Ulikuwa huko akiichagua?"

"Nilikuwepo."

"Na hukuona haina mahali pangu?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kuhutubia kuhusu vijana wa leo, na maneno hayo alikuwa nayo mengi, ya kutosha uani pote mpaka jua lizame. "Niliona," alisema. "Nilikasirika, nikanyamaza."

Rosa alimwekea mto kifuani kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani, akaingia nyumbani akafunga mlango. Wanawake wakainuka mmoja mmoja. Chai haikutoka.

Walibaki wawili. Obiero alimsogelea mpwa wake kwa nguvu hata Okello akarudi nyuma.

"Lete hicho kitu kwangu Jumatatu. Nitakichomelea keria!"

"Fremu ya nyuma ni alumini, Nera," Okello alisema kwa sauti ndogo. "Haishiki. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Ni kweli, alimfundisha. Obiero alitema mate kando, akauinua ule mto.

"Basi unairudisha, uchukue ile nyekundu. Leo. Kabla mama yako hajazoea hasira hii."

"Wechuli atakata pesa. Na atanicheka, yeye na mafundi wake wote."

"Acheke! Na mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo na mto wa buluu mkononi kama mjinga. Atucheke wote wawili. Washa hiyo takataka yako. Mimi natangulia stendi, kwako hakuna pa kukaa."