Maji ya Mifupa

Juzi binti yangu alipata picha yangu ya Fomu Wan, akaniuliza, "Baba, mbona umefunga mdomo kama umemeza nyuki?"

Mwaka huo, shuleni kwetu Nakuru, masomo yote yaligeuka mifupa. Maji ya kisima yalikuwa na madini yaliyotupaka meno kahawia tangu yakiota, basi walimu wakaamua tutengeneze chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwenye kemia tuliichoma, uvundo ukafika mji jirani wa Njoro. Kwenye hesabu tulipima pipa la chujio. Kwenye Kiswahili tuliandika insha ya mifupa. Hata somo la dini lilitafuta nabii aliyehubiria mifupa! Nilichoka hadi kwenye uboho, lakini nilivumilia. Siku chujio lilipokamilika, kesho yake tulikuwa tunapigwa picha ya darasa, na nilijua maji hayo yangenisafisha meno.

Alasiri hiyo chujio lilianza kudondosha, to, to, to. Nilikunywa karibu ziwa zima, kisha nikakimbilia kioo cha dirisha. Kahawia ileile!

"Madam, hii kitu haifanyi kazi!"

Mwalimu wa kemia alicheka. "Wewe, meno yako yalishaiva na kahawia yake. Haya maji ni ya watoto wenu."

"Watoto gani, madam? Picha ni kesho!"

Nilimsimulia binti yangu yote hayo. Yeye amekulia maji ya chujio kama lile, na meno yake ni meupe kama maziwa. Akanitazama kwa huruma.

"Lakini baba, si ungepiga tu mswaki?"