Paka Aliyeshindwa Kupanda Mparachichi

Dada yangu alirudi Tukuyu na paka dume mweupe. Alikuwa amefanya kazi za ndani Dar es Salaam kwa familia ya wageni, na walipohama nchi walimwachia. Huko kwao, kabla hawajaja na paka huyo nchini, walikuwa wamemtoa kucha za miguu ya mbele ili asichane makochi. Dada alilisema hilo kama jambo la usafi, nami nikalipokea hivyohivyo. Nilidhani ni sawa na mtu kukata kucha zake.

Kwetu Ibighi, palepale Tukuyu, paka alishinda jikoni kwa sababu ya baridi. Akitembea, aliweka miguu ya mbele taratibu, kama anakanyaga changarawe. Panya akipita alimpiga kofi, na panya akaendelea na safari. Tulicheka.

Asubuhi moja mbwa wa jirani aliingia uani. Paka wetu na paka mwingine wa mtaani wakakimbilia mparachichi. Yule wa mtaani alipanda. Wetu aliruka, akakumbatia shina, akateleza hadi chini. Akaruka tena. Dada alipofika na mwiko, mbwa alikuwa ameshamng'ata paja.

Daktari wa mifugo alikuja kumshona. Alipomaliza aliushika mguu wa mbele, akaubonyeza.

"Unajua walikata nini hapa?"

"Kucha," dada akajibu.

"Kucha ya paka imeota kwenye mfupa. Ili isirudi, wanaondoa na mfupa wenyewe." Akashika kidole chake mwenyewe kwenye kiungo cha mwisho. "Ni kama wakukate wewe hapa. Kila kidole."

Dada aliuliza kama bado anaumia.

"Inawezekana. Wengine huumia maisha yao yote."

Baadaye wifi yangu, mke wa kaka, alinunua makochi mapya, naye alikuwa na paka mdogo. Aliona kwenye simu kwamba kucha hutolewa, akampigia daktari yuleyule. Daktari akakataa. Jumapili, baada ya ibada, walikuja kwetu na kaka, wifi akatulalamikia.

"Nimemuuliza, sheria inakataza? Anasema hajui kama ipo, ila yeye hafanyi. Basi nitatafuta mwingine Mbeya."

Dada alimchukua paka wetu, akampakatisha wifi. "Mbonyeze vidole."

Wifi alibonyeza kidogo. Paka, ambaye hakuwa na tabia ya kung'ata, alimng'ata mkono.

"Samahani, wifi," dada akasema. "Lakini umeona. Daktari mmoja akikataa, mwingine atakubali. Lisiwe jambo la hiari ya daktari. Lipigwe marufuku."

Kaka alicheka. "Huku watu wanataka paka mwenye kucha, akamate panya. Sheria ya nini?"

"Makochi yanaongezeka, kaka. Afadhali ije kabla watu hawajazoea."

Niliona ana hoja. Kitu ambacho bado hakifanywi na wengi ni rahisi kukikataza. Hakuna atakayeona amenyang'anywa.

Wifi hakwenda Mbeya. Aliweka gogo lililozungushiwa kamba ya katani kando ya kochi, na paka wake hukwaruza hapo, mara nyingi. Mkono mmoja wa kochi umechanika, ameufunika kitambaa.

Dada alilipeleka jambo lake kwenye mkutano wa mtaa. Aliongea akiwa amesimama, bila haraka. Wachache walicheka, mama mmoja akauliza kama paka hupigwa ganzi. Mwenyekiti alimshukuru, kisha akahamia kwenye suala la maji.