Mshale Uliobaki Chini

Gari la mama lina taa tu ya kuonya joto, nayo huwaka injini ikiwa imeshachemka. Nilimsumbua hadi akakubali tufunge geji ya joto. Fundi wa Msalato alikata mpira wa rejeta, akaunganisha kipande cha bomba la chuma chenye sensa, kisha akavuta waya mmoja mpaka kwenye dashibodi. Injini iliunguruma nusu saa, mshale ukabaki chini kabisa.

"Fundi, hilo bomba limezungukwa na mpira. Sensa haina ethi, umeme wake haurudi kwenye bodi ya gari," nilisema.

"Msomi, gari halichemki. Unataka mshale upande ukafanye nini?"

Wateja wake wakacheka. Mama naye akacheka, akaniambia nipunguze mawazo. Nikafikiri labda kweli tatizo ni mimi, nikanyamaza. Mpaka leo ukimya ule unaniudhi kuliko vicheko vyao.

Tulishika safari nikiendesha mimi, na kabla ya kufika Haneti mvuke ulifuka kwenye boneti. Mshale ulikuwa bado chini! Nilizima gari, nikafunga kipande cha waya kutoka kwenye lile bomba hadi kwenye bodi. Nilipowasha swichi, mshale uliruka hadi kwenye nyekundu.

Injini ilipoa, ikawaka. Ni bahati tu kwamba haikufa.

Mama alimpigia fundi simu, akamweleza kuhusu ule waya niliouongeza. "Si sasa geji inafanya kazi, mama?" fundi akajibu.

"Inafanya, baba. Asante."

Asante! Nilimpokonya mama yangu simu, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamwambia fundi kwamba kesho ataifunga upya mbele yangu, na anayetaka kucheka acheke.