Karamu Iliyosikika Kalamu

Miaka karibu hamsini watu wa Nachingwea wamemwita Biasha Chinguile Bi Kalamu, na kalamu yenyewe hajui kuishika sawasawa. Jina lake analiandika, ndiyo, herufi moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini ukimwomba aandike la jirani atakwambia macho yanamuuma. Jina hilo hakulitaka. Alipewa na redio, na ukishapewa jina na redio utamrudishia nani?

Ilikuwa hivi. Mwaka wa sabini na sita Biasha alikuwa mwimbaji wa Karanga Jazz, bendi ya pale Nachingwea, iliyojiita hivyo kwa yale mashamba ya karanga ya Waingereza yaliyowashinda. Msichana mmoja katikati ya wanaume saba. Sauti yake ilikuwa nzito, ina mkwaruzo, haikutoka kooni kama za wengine, ilitoka huku chini penye njaa. Akiimba wimbo wa mapenzi, waume za watu walitazama chini.

Mwaka huo bendi ilizunguka Mtwara na Newala miezi miwili, na huku nyuma, kijijini kwao Chiola, mama yake akafa. Barua ilikwenda Mtwara bendi ikiwa Newala, ikaenda Newala bendi imeshahama. Ilipomfikia, siku thelathini na tatu zilikuwa zimepita. Akaondoka siku ileile. Masika yakakata barabara, lori likazama kwenye tope, akatembea, akalala kwa watu asiowajua. Alifika siku ya arobaini na moja. Karamu ya arobaini ilikuwa jana yake.

Alimkuta dada yake mkubwa, Swaumu, anaosha vyombo uani. Swaumu hakuinua kichwa.

"Umekuja kutuimbia?"

Ndiyo salamu aliyopewa.

Biasha akatunga wimbo. Hakuwa na njia nyingine ya kulia, maana matanga yameshaanuliwa, utalia na nani? Benedikto wa gitaa akautafutia sauti. *Kalamu ya mama sikuiona, nilifika imekwisha. Nani atanipa nyingine? Mama amelala.*

Sasa hapo ndipo penyewe. Mdomo wa Mmwera wa Chiola, ule uliolelewa na bibi porini, hauna nafasi ya *r*. Barabara ni balabala, rangi ni langi, na karamu ni kalamu. Biasha hakudanganya wala hakukosea. Ndivyo ulimi wake ulivyolala kinywani. Watu wa redio walipokuja na gari lao kurekodi bendi za wilayani, bwana mmoja mwenye miwani akauliza wimbo unaitwaje, Biasha akamjibu vizuri tu, "Kalamu ya Mama." Yule bwana akaandika alichosikia.

Miaka ile nchi nzima ilikuwa kwenye kisomo cha watu wazima, ngumbaru. Wazee wenye mvi wanakaa kwenye madawati ya wajukuu. Basi mtangazaji akasema huu hapa wimbo wa kuhimiza kisomo, kutoka Nachingwea. Walimu wa ngumbaru wakaudaka. Kalamu imekwisha, yaani wino umekwisha. Mama amelala, yaani amelala usingizi wa ujinga, mwamsheni akasome! Kila jioni darasani wakaanza kwa wimbo ule, wakipiga makofi.

Biasha aliusikia mara ya kwanza kwenye duka la ushirika, akacheka. Aliacha kucheka alipokwenda Chinongwe, kule alikoolewa Swaumu.

"Udongo wa mama haujakauka," Swaumu akamwambia, "wewe unaimbia peni."

"Siyo peni, dada. Ni kalamu. Kalamu ya alobaini."

"Ledio imesema ni peni. Mtu wa ledio amesoma. Wewe umesoma wapi?"

Naye Swaumu, ulimi ni uleule! Karamu na kwake ni kalamu. Lakini redio imesema, na miaka ile redio ikisema imesema. Biasha akageuza. Alimweleza mara moja, na mtu mzima haelezi mara mbili. Tangu hapo dada na mdogo wake wakawa watu wa kukutana kwenye misiba. Wanasalimiana, kila mmoja anakaa mkeka wake.

Bendi nayo ilikufa kifo cha kawaida cha bendi. Ngoma zikapasuka, nyaya zikakosekana, wengine wakaenda Dar es Salaam wakapotelea huko. Biasha akarudi Chiola kwenye mikorosho. Aliolewa mara mbili, mmoja akafa, mwingine akaondoka, hilo halina hadithi. Kilichommaliza sauti ni salfa. Kila mwaka kuanzia mwezi wa sita anapulizia mikorosho ile dawa ya unga wa njano, kitambaa kimefungwa puani, na unga unapita tu. Koo likawa kama mkeka wa zamani. Alikuwa haimbi hata akitwanga.

Mwaka jana akaja mwanamke mmoja kwa pikipiki, suruali ya jinzi, rozari shingoni. Akajitambulisha kuwa ni Faith, binti wa Benedikto wa gitaa. Benedikto alikuwa amezikwa miezi mitatu nyuma, parokiani kwao, na Biasha alikwenda. Faith ana studio Ruangwa mjini, chumba nyuma ya duka la vipuri. Anarekodi kwaya, anarekodi vijana wa singeli.

"Shangazi, baba ameniachia daftari la nyimbo zenu. Nataka tutoe albamu. Nyimbo nane. Wewe mwenyewe uimbe."

"Mimi ni mzee. Nimechoka."

"Sauti ya uchovu ndiyo ninayoitaka. Nzuri ninazo nyingi."

Biasha akamtazama sana. Kisha akasema atakuja, kwa sharti moja: ule wimbo wa mama uimbwe kama ulivyo.

"Bila shaka. Kalamu."

"Siyo kalamu. Kalamu!"

Faith akangoja. "Shangazi, sisikii tofauti."

"Siyo ya kuandikia, binti Benedikto! Ya kula!"

Faith akaangua kicheko, akashika hadi ukuta. Kisha akaona uso wa mzee, kikamkatikia njiani. Biasha akamweleza yote, mara ya pili katika maisha yake, na akamwambia anachotaka. Pesa hataki, sifa alishazila zikaisha. Swaumu ana miaka sabini na sita na miguu imevimba. Anataka Swaumu asikie, kabla mmoja wao hajafa, kwamba mama alililiwa.

Kazi ikaanza. Chumba chenyewe kuta zimebandikwa magodoro na trei za mayai, joto lake Mungu ndiye anajua. Nyimbo saba zilikwenda kwa siku nne. Sauti ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Faith akasema acheni hivyohivyo. Wa nane ukawashinda.

"Sema rrr," Faith anamfundisha. "Kama pikipiki inapanda mlima. Rrr."

"Lll."

"Ulimi uuguse juu, shangazi, nyuma ya meno."

"Meno yapi? Hayo ya mbele nilishamwachia Mungu."

Akarudi Chiola, mwezi mzima akafanya mazoezi shambani na bomba la salfa mgongoni. *Ka-la-mu. Ka-lla-mu.* Kuku walimkimbia. Mara mbili ilimtoka, *r* safi kabisa, na mara zote mbili alikuwa anakohoa.

Siku moja akashuka Nachingwea kununua dawa ya koo, akapita sokoni kwa Mwamini, muuza mbaazi, rika lake. Mwamini anaandika majina ya wateja wake wote kwenye daftari, kwa herufi kubwa, na anajivuna nazo.

"Bi Kalamu! Nasikia umekuwa msanii tena. Utavaa na miwani nyeusi?"

"Nitavaa. Na wewe nitakufunika macho, usinione bure."

Wakacheka. Biasha akakaa kwenye gunia, na kwa vile alikuwa amechoka, akasema. Mwamini akasikiliza mpaka mwisho, mkono umebaki ndani ya mbaazi.

"Mimi nimejifunza kusoma kwa wimbo wako," akasema. "Mume wangu alinikataza ngumbaru, nikaenda kwa sababu ya wimbo ule. Leo unanambia ulikuwa unalilia wali?"

"Nalilia mama."

"Sawa, wako. Na mimi je? Usinifutie ubao, Biasha."

Hakumwita Bi Kalamu. Biasha alirudi nyumbani hajanunua dawa. Akakaa siku mbili hasemi rrr wala lll. Alijiona mjinga, bibi kizee anahangaika na herufi moja, na herufi yenyewe ina watu wake wanaoipenda ilivyo. Angeuacha wimbo palepale ulipo, ungemdhuru nani? Lakini kila akilala anamwona Swaumu anaosha vyombo.

Siku ya mwisho studio, Faith alimwambia kwa upole kwamba mashine inaweza. "Nitasema mimi *r*, nitaikata, nitaipachika kwenye sauti yako. Hakuna atakayejua."

"Dada yangu atajua. Atasema hata msiba nimeazima mdomo." Biasha akainuka, magoti yakalia. "Piga gitaa la baba yako. Nitaimba na ulimi wangu."

"Itakuwa kalamu ileile, shangazi."

"Iwe."

Akaimba. Alianza pale pa zamani, *kalamu ya mama sikuiona, nilifika imekwisha*, kama alivyoiimba ana miaka ishirini, neno kwa neno. Kila aliyesoma kwa wimbo ule atajikuta mle, hata Mwamini. Ilipofika mahali pa kurudia, hakurudia. Akafumba macho akaendelea kwa maneno ambayo Faith hakuyaona daftarini:

*Vyombo vimeoshwa, jiko limepoa,*
*wali wa alobaini wameula wengi.*
*Tonge langu, mama, nani kalila?*

Mwisho wa *kalila* sauti ilikwisha kabisa, ikabaki pumzi. Faith hakuzima mashine. Alipozima, alikuwa anajipangusa pua kwa kiganja kama mtoto.

"Tuirudie?" akauliza.

"Sina nyingine," Biasha akasema.

Albamu ilipokuwa tayari, Faith alimpa kadi ndogo, ile ya kuchomeka kwenye redio, wimbo wa mama ukiwa wa kwanza. Biasha akaifunga kwenye pindo la khanga, akapanda bodaboda kwenda Chinongwe, mchana wa jua kali. Alimkuta Swaumu barazani, miguu kwenye kigoda, anachambua ufuta kwenye ungo. Redio yake iko pembeni, imefungwa kwa mpira wa baiskeli isifunguke.

"Shikamoo, dada."

"Malahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Biasha akaichomoa kadi kwenye pindo, akahangaika nayo, ikaingia upande usio wake, akaitoa, akaigeuza. Redio ikaanza. Swaumu alipotambua wimbo akakunja mdomo, akaendelea kupepeta. *Kalamu ya mama sikuiona.* Pepeta, pepeta. Biasha alibaki amesimama. Hakukaribishwa kiti, na mwenyewe asingekaa.

*Vyombo vimeoshwa, jiko limepoa.* Ungo ukasimama.

Wimbo ukaisha. Ukaingia mwingine, wa dansi, gitaa linarukaruka. Swaumu aliendelea kutazama ufuta.

"Haukuwa wali," akasema.

"Nini?"

"Alobaini ya mama. Mwaka ule mchele ulikuwa wapi? Tulipika ugali wa mtama na mbaazi. Unaimba uongo."

"Sikuwepo," Biasha akasema. "Ningejuaje?"

"Ndiyo hivyo. Hukuwepo."

Akachukua kokoto moja kwenye ufuta, akaitupa uani. Akatafuta nyingine, hakuipata.

"Nilikuwekea," akasema. "Sahani yako. Nikaifunika na kawa, nikasema, leo atafika. Watu wakauliza ya nani, nikasema ya mdogo wangu, isiguswe. Usiku ikachacha. Asubuhi nikawamwagia kuku, nikaanza kuosha vyombo, ndiyo ukaingia."

Biasha alikaa chini palepale kwenye sakafu, mkeka hakuungoja.

"Ungeniambia, dada."

"Ungewahi."

Redio ikaendelea na nyimbo zake, na hakuna aliyeinuka kuizima. Baadaye Swaumu akausogeza ungo katikati yao wawili, na Biasha akaanza kuokota kokoto upande wake.