Majani Yaliyonishinda Hoja

Mwanangu, kila nikishika jembe naikumbuka siku moja pale nyumbani, njia ya Kabambare, enzi za Wabelgiji. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni na ubishi wa kutosha kijiji kizima. Hata mvua ningeiuliza ina ushahidi gani.

Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa. Shambani kishonanguo, yale majani ambayo mbegu zake hung'ang'ania suruali, yalikuwa yanachanua. Bibi akaniambia niyang'oe.

“Ya nini, Bibi? Haya huishi mwaka mmoja tu. Kiangazi kitayaua bure.”

“Yatakufa, ndiyo. Lakini yatakuwa yamekwisha kuzaa, mutoto wa masomo.”

Nikacheka. Yakafa kweli, nami nikatembea kama aliyeshinda kesi.

Mvua ikarudi. Tukapanda pamba, yakaota majani. Nikapalilia, yakaota mengine. Kwa hasira nikachimba chini sana, na mbegu zilizolala humo miaka zikaona jua, zikaamka.

“Sasa umeamsha na babu zao,” Bibi akasema.

Haukuwa mchezo, mwanangu. Mzungu wa pamba alikuwa anakuja kukagua, na shamba chafu lilimpeleka mwenyewe jela. Mwenyewe ni baba, naye mguu ulikuwa umemvimba, hata kusimama hawezi.

Mzungu akafika, soksi zake ndefu nyeupe zimejaa mbegu za mashamba yote aliyopita. Akakaa ukingoni, akawa anazing'oa moja moja na kuzitupa kwetu, huku akifoka: “Majani haya yametoka wapi?”

Bibi akapiga goti kwa heshima zote. “Bwana, iko inakuja na wageni.”

Karani wake akageuka kukohoa. Mzungu akaitazama mbegu iliyokuwa vidoleni, akaitia mfukoni taratibu.

“Wiki moja,” akasema, akaondoka.

Tulipalilia ukoo mzima, mimi mbele, bila ubishi. Baba hakufungwa. Majani hayo bado yanaota pale, nami nina mvi.

Mwanangu, uliza maswali, mimi sijaacha. Lakini uliza jembe likiwa mkononi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa ling'oe lingali ua. Usiseme litakufa lenyewe, kwa maana litakufa na kukuachia watoto wake uwalee.

Mungu akupe mgongo mwepesi wa kuinama mapema, na shamba lako alilinde na soksi za wakubwa.